Ulinifundisha Gari kwa Mdomo wa Mama

Baba,

Neno hilo nimeliandika, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje kuangalia kama kuna mtu anayeniona. Hapakuwa na mtu. Ni Jumapili mchana. Mama, mkeo, amelala baada ya ibada, mvua inanyesha kwenye migomba kama ilivyozoea, na mimi, mke wa mwanao Anyosisye, nimekaa sebuleni kwako nakuandikia wewe.

Miaka yote niliyoishi kwenye mji wako sijawahi kukuita. Sijawahi kukuamkia. Ukija njiani nilikuwa naingia kwenye mibuni, nageuza uso, nasubiri mpaka mlio wa fimbo yako upotee. Ndivyo nilivyolelewa na mama yangu kule Isongole, na ndivyo ulivyotaka wewe pia: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Hata jina lako silitamki. Kuna mzee sokoni mnaitwa jina moja, na mimi siku zote namwita "yule wa chumvi", watu wanajua.

Mama ndiye aliyesema nikuandikie. Aliniona nimekaa kwenye gari juzi, nimezima injini, siteremki. Akaja dirishani akasema, "Sema naye basi. Sasa hivi nani atakukataza?" Kwa hiyo nisamehe kama nakosea namna ya kuanza. Sina mazoea.

Nianze na gari. Bila gari mimi na wewe tusingekuwa na neno la kuambiana.

Anyosisye alilileta siku zile biashara zilipofunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kuonekana hata huku kwetu Masoko. Gari dogo la saluni, la rangi ya maziwa. Wewe ulikuwa umeshapoteza kazi. Ulikuwa umeendesha lori la ushirika tangu kabla Anyosisye hajazaliwa, ukipeleka kahawa Mbeya kwenye barabara iliyokuwa tope tupu, na wanunuzi binafsi walipoingia lori likaegeshwa, na wewe ukaegeshwa nalo. Ulikuwa unakaa uani na kofia yako ya kazini, hakuna pa kwenda.

Nilikuwa jikoni siku gari lilipofika, nachungulia kwenye upenyo wa mbao, naona mgongo wako na fimbo tu. Ulilizunguka, ukagonga matairi kwa fimbo, ukafungua mlango ukainama chini ya usukani. "Klachi iko wapi?" Anyosisye akakwambia hakuna klachi, hili ni otomatiki, linabadili gia lenyewe. Ukauliza, "Na mguu wa kushoto utafanya kazi gani?" Watu wakacheka. Mmoja akasema ndiyo magari ya vilema hayo. Ukakasirika, ukamwita Mama apande, uwaonyeshe watu udereva. Gari likaanza kutembea, na wewe kwa mazoea ukashusha mguu wa kushoto kwa nguvu zote kutafuta klachi. Ukaikuta breki. Paji la uso la Mama lilivimba mpaka Jumapili ya pili.

Nilicheka jikoni mpaka nikajiziba mdomo kwa kanga. Hata kwa kicheko kile naona haya leo.

Maana haukupita muda mrefu, kidonda kikaanza kwenye kidole cha mguu ule ule. Sukari, wakasema hospitali ya Tukuyu. Kidonda kikakataa kupona, mguu ukawa hauna nguvu tena, na gari la vilema likawa ndilo gari pekee uliloweza kuliendesha. Ulikwenda nalo mwenyewe kliniki na kurudi. Halafu sukari ikakuingia machoni. Siku uliyokwangua nguzo ya geti la kanisa, ulirudi nyumbani polepole, ukaweka ufunguo mezani mbele ya Mama, ukasema, "Basi." Nilisikia kutoka ukumbini. Sijawahi kusikia neno fupi likiwa zito namna ile.

Anyosisye alikuwa Tunduma kwenye shughuli zake za mpakani, anarudi akipata nafasi. Mdogo wake Ipyana alikuwa Kiwira, na kuja kwake ni kwa misimu. Nyumbani watu wazima tulikuwa watatu: wewe, Mama na mimi. Kliniki ilikuwa haisubiri. Ndipo Mama akasema kwa sauti, makusudi ili wote wawili tusikie, kila mtu upande wake wa ukuta: "Sekela ana mikono na miguu. Na macho yake hayana ukungu."

Ulinyamaza siku nyingi. Nikadhani umekataa. Kisha Mama akaja jikoni akaniambia nivae viatu vya kufunika, siyo kandambili, kwa sababu kandambili zinanasa kwenye pedeli. "Amesema yeye," akaniambia. Nikajua kwamba umekubali.

Unaukumbuka uwanja wa shule? Ipyana ndiye aliyetufikishia gari pale, siku hiyo alikuwa amekuja. Wanafunzi walikuwa wameshakwenda kwao. Mama alikuwekea kigoda pembeni, ukakaa umetupa mgongo uwanjani, uso kwenye migomba ya watu, na mimi nikakaa kwenye usukani. Hukuniona hata mara moja. Ulifundisha kwa masikio. Ulikuwa unasikiliza injini, unamwambia Mama, na Mama anakimbia kwangu na maneno yako.

"Mwambie mwenzio akanyage breki kwanza, ndipo atoe gia kwenye P, ile ya kuegesha."

Mama akaja anahema. "Anasema ukanyage kwanza!"

"Nikanyage nini, Mama?"

"Ah! Ngoja." Akarudi kuuliza.

Alikwenda na kurudi jioni nzima, kitenge amekikunja kiunoni. Gari alikuwa halijui hata kidogo, lakini hakuangusha neno lako lolote. Ulisema mguu wa kushoto niukunje chini ya kiti nisahau kama ninao, mguu wa kulia peke yake ndio ufanye kazi, breki na mafuta, kimoja kwa wakati wake. Mama akanifikishia hivi: "Anasema ujifanye yeye." Tukacheka wote wawili, na mabega yako kule kwenye kigoda niliyaona yanatikisika. Nilijua unacheka na wewe. Ndiyo mara pekee tuliyocheka pamoja, Baba, japo kwa mgongo.

Siku nyingine nilitoka kwenye D, ya mbele, kwenda R, ya nyuma, gari likiwa bado linasogea. Likagutuka, likatoa mlio wa chuma. Ulinyanyua fimbo juu bila kugeuka. "Mwambie amelipiga teke. Lisimame kabisa, ndipo abadili." Na kuegesha mlimani: breki ya mguu, kisha handbreki, kisha P, kisha ndiyo niachie mguu, ili uzito wa gari ubebwe na handbreki na si giaboksi. Ulinirudisha kwenye hilo mpaka nikawa naota. Na kushuka mlima: nisikanyage breki njia nzima, nirudishe gia kwenye 2, kukiwa kukali zaidi niweke L, gia ya chini kabisa, injini ilizuie gari yenyewe. Na nisije nikateremka na N, gia huru, kwa kubana mafuta, kama wanavyofanya vijana wa Kiwira.

Ukanifundisha na kulitunza. Maji ya rejeta niyaangalie asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kifuniko nisikiguse kikiwa cha moto. Gari lisikae siku nyingi bila kuwashwa, betri inakufa. Oili ya giaboksi tulikuwa tunaipima uani, wewe ukiwa upande wa pili wa nyumba. Injini inaunguruma, imeshapata moto, gia iko P, handbreki iko juu. Nikavuta kijiti, nikakifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nikarudisha, nikavuta tena. Mama akaja: "Anauliza ina rangi gani." Nikasema nyekundu, kama kahawa iliyoiva. "Anauliza inanuka kuungua?" Nikasema hainuki. Akazunguka nyumba kukupelekea. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Amesema ndaga."

Asante yako ya kwanza. Nilibaki nimeshika kijiti, oili inadondoka kwenye kiatu.

Nayaeleza haya ili ujue kwamba nilisikia. Nilisikia yote, nikayaelewa. Siwezi kusema sikuambiwa, na hapo ndipo ninapoungua.

Sasa nifike kwenye siku ya daraja. Hatujawahi kuizungumza. Hata Mama hakuigusa mpaka ulipokufa.

Ulikuwa na homa tangu asubuhi. Mguu ulikuwa umebadilika rangi, na ulikuwa unamwita mama yako, mtu aliyekufa zamani. Mvua ilikuwa imekata njia, basi halikupita. Mama hakuniuliza. Alichukua kanga zake mbili, akazifunga nyuma ya viti vya mbele kwenye vile vishikio vya juu ya milango, zikawa pazia. Majirani wakakubeba wakakulaza kiti cha nyuma. Mama akakaa mbele na mimi, awe mdomo wako na masikio yangu. Kioo cha ndani nikakigeuza juu kabisa, nisije nikaona hata kivuli chako.

Tukaenda. Nilikuwa nasikia pumzi yako nyuma ya kanga, na kila nilipoisikia mwili ulikuwa unanisisimka kwa soni. Mkwe yuko nyuma ya kichwa changu! Nilikuwa siwazi barabara, nawaza hilo. Tulipofika kwenye mteremko wa mtoni nikasahau kila kitu. Nikaiacha gia kwenye D, nikaegemea breki kuanzia juu. Gari likazidi kukimbia. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, na pedeli ikaanza kuwa laini, kama nakanyaga tope.

Wewe ndiye uliyesikia ile harufu kwanza. "Mwambie arudishe L," ukasema. Lakini Mama alikuwa amefumba macho anaomba kwa sauti kubwa. "Mwambie arudishe L!" Mama anaomba. Daraja lile la magogo, lisilo na kingo, linakuja.

Ndipo ukaniita.

"Sekela! Rudisha gia kwenye L. Usiogope, rudisha."

Mkono wangu ulirudisha wenyewe. Injini ikanguruma, gari likakaa kitako kama limevutwa mkia, tukaingia darajani taratibu, tukavuka. Ulituokoa, Baba. Ilikuwa imebaki kidogo sana.

Na mimi nikafanya nini? Upande wa pili, mlima unapoanza, nilisimamisha gari. Halikuwa na tatizo lolote. Nilisimama kwa sababu uliniita jina langu. Nilifungua mlango, nikakimbia, nikaingia kwenye migomba ya watu, nikakiweka kichwa changu kwenye shina la mgomba na kuanza kulia. Nimekuacha wewe mgonjwa, na Mama, ndani ya gari, mlimani. Gia nimeiacha kwenye N. Handbreki sikuigusa.

Sauti ya Mama ndiyo iliyonigeuza. Gari lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mtoni, polepole kwanza, halafu si polepole. Mama ameshika dashibodi anapiga kelele, hajui cha kufanya. Halafu nikaona kanga zinachanika. Ulijitupa katikati ya viti, kifua chako chote, na mguu ule, na homa ile, mkono wako ukaikuta handbreki ukaivuta. Gari likasimama. Matairi ya nyuma yalikuwa yameshagusa magogo ya daraja.

Ukainua uso, ukaniona. Nami nikakuona.

Sikuwa nakujua uso, Baba. Unaelewa? Nimekupikia, nimekufulia, nimekuzalia wajukuu, na uso wako sikuwa naujua. Una kovu juu ya nyusi, kama la Anyosisye. Wakati mwingine najidanganya kwamba macho yako yalikuwa na ukungu, hukuniona vizuri. Lakini ulichukua kile kipande cha kanga ukajifunika uso wako. Mtu mzima, dereva aliyejulikana mpaka Mbeya, ukajifunika kama bibi harusi. Basi uliniona.

Uliponiita kule mteremkoni sikuitika. Kwetu mwanamke akiitwa na baba anaitika abee. Mimi sikuitika, nilikimbia. Naitika sasa. Abee, Baba.

Nilirudi, nikaingia, nikawasha. Nikaendesha mpaka hospitali ya Tukuyu. Wakakukata mguu, ukapona homa, ukarudi nyumbani na magongo. Na wiki ile ile ukamwita Ipyana atoboe mlango mwingine ukuta wa nyuma wa nyumba. Tangu hapo ukawa unapita huko nyuma kwenye migomba. Uani hukuonekana tena. Maneno yako kupitia kwa Mama yakakatika. Hukuuliza rangi ya oili, hukuuliza kitu.

Nikasema moyoni, amenichukia. Na haki yake. Huku bombani wanawake walikuwa wameshapata habari, mmoja wao alikuwa na mkungu wake kichwani siku ile njiani, aliona tulivyotazamana. Nikifika na ndoo wananyamaza. Nikiondoka nasikia, "Ndiye yule waliyetazamana."

Nikaliacha gari. Nataka uelewe, halikuwa limeharibika. Kliniki zako zile chache Ipyana alikuja na pikapu ya rafiki yake kukuchukua, na mimi nikashukuru kwamba siguswi. Nilikuwa nikiushika ufunguo naona uso wako na kile kipande cha kanga. Mama aliniuliza, "Leo huwashi?" Nikamjibu halina safari. Akaniuliza tena, tena, kisha akaacha. Nikalifunika kwa turubai. Kuku wakaanza kutagia chini yake.

Halafu ile asubuhi ya msimu wa kuchuma kahawa. Mama alitoka mbio, akasema umeshindwa kuvuta pumzi. Nilitupa kikapu, nikachana turubai, nikaingia, nikakanyaga breki, nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Hakuna hata taa iliyowaka.

Watu wakaja kutoka mashambani. Ipyana alikuwa amelala nyumbani kwa bahati, akasema, "Tusukume!" Wakalisukuma uani, juu na chini, wanaume wazima wanateleza kwenye matope, Ipyana kwenye usukani anatia D, anatia 2, anatia D. Na mimi nimesimama pale. Najua. Gari la namna ile haliwaki kwa kusukumwa, hata ulisukume mpaka Mbeya. Ulinifundisha. Nilisema, "Shemeji, haliwaki hivyo," lakini sauti yangu haikufika hata kwenye bampa. Nani angenisikiliza, na mimi ndiye niliyeiua betri?

Ukasikia wewe, kitandani, nyuma ya ukuta. Mama akatoka na ujumbe wako, kama siku zile za uwanja wa shule. "Anasema mliache. Hilo halisukumwi." Wakaacha, wanahema. Mama akanigeukia mimi. "Na wewe amesema usilie."

Wakakubeba kwenye machela. Walivuka lile daraja kwa miguu. Hukufika kwenye lami.

Mganga wa zamu pale Tukuyu alimwambia Anyosisye kwamba moyo ulikuwa umechoka, kwamba hata ungefika mapema huenda isingesaidia. Anyosisye akaniletea maneno hayo kama mtu anayeleta dawa. Nimeyapokea. Lakini ile "huenda" nimelala nayo tangu siku hiyo.

Kwenye msiba nilikaa jikoni, kwenye moshi, ili machozi yawe ya moshi. Hakuna aliyenisema waziwazi. Ila nilimsikia Ipyana kwenye moto wa wanaume: "Gari zima kabisa. Betri tu!" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anashangaa tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya matanga, tumekaa mimi na Mama tunamenya ndizi, akaniuliza, "Unajua kwa nini alitoboa ule mlango?"

Nikasema najua. Hakutaka kuniona.

Akaweka kisu chini. "Alisema hivi: huyu mtoto akinikuta uani atakimbia tena. Mimi nitapita nyuma. Uani pawe pake, maana gari liko uani."

Sikuweza kumenya tena.

"Na kila asubuhi," Mama akaendelea, "alikuwa anasikiliza. Ananiuliza, leo hakuwasha? Namwambia hakuwasha. Kesho yake anauliza tena."

Nikamwuliza Mama kwa nini hakuniambia. Nilimwuliza kwa hasira, Mungu anisamehe. Akasema ulimkataza. Ulisema nikiambiwa nitawasha kwa kukuogopa wewe, na dereva anayeogopa ndiye yule wa siku ya daraja. Ulitaka niwashe mwenyewe, siku nitakayokuwa tayari.

Sikuwa tayari, Baba. Ulisubiri, na mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwako naona haya, nadhani haya ndiyo heshima. Niliogopa macho yako zaidi ya nilivyoogopa kifo chako. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Yaliyobadilika ni haya. Anyosisye ameleta betri mpya kutoka Tunduma. Ndugu wakakutana kuzungumzia gari. Ipyana alitaka liuzwe, itafutwe pikapu yenye klachi, kitu ambacho watu wanaweza kukisukuma. Mtu mmoja akasema gari lile lina mkosi. Hapo nikatoka jikoni. Sikupanga. Nilisimama mlangoni, mikono ina unga, nikasema mbele ya wanaume wote kwamba gari halina mkosi, betri ilikufa kwa sababu mimi sikuliwasha, na sikuliwasha kwa sababu niliona haya. Nikaeleza na ya darajani, kwamba niliacha gia kwenye N, na kwamba Baba ndiye aliyevuta handbreki. Walikuwa hawajui hilo. Walikuwa wanajua tu kwamba tulitazamana.

Nikasubiri waniseme. Ipyana akakohoa, akatazama viatu vyake. "Shemeji," akasema, "mimi nilipoteza muda kulisukuma. Ningekimbilia machela moja kwa moja, nani ajuaye." Kumbe na yeye amebeba lake. Gari halikuuzwa.

Nampeleka Mama kanisani na kliniki, macho yake nayo yameanza kuingia ukungu. Majirani wakiumwa wanakuja kugonga. Wakinishukuru nainamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu. Bombani bado wananong'ona, lakini juzi mmoja wao aliniuliza kama mwanamke mwenye miguu mifupi anaweza kufika kwenye pedeli. Nikamwambia kiti kinasogezwa mbele. Akacheka, akaondoka, halafu akarudi kuuliza kinasogezwaje.

Aibu haijaisha. Sidhani itaisha, na sikuombi uniondolee. Nilichotaka ni uisikie kwangu mwenyewe, siyo kwa Mama.

Jumamosi naenda Kiwira kuchukua saruji ya kaburi lako. Ipyana atakaa kiti cha pembeni. Tumekubaliana kupakia mifuko michache kwa safari, turudie mara nyingi kadiri itakavyohitajika, springi za nyuma zimechoka. Nimebadilisha oili ya breki. Nakuahidi kwamba nitakwenda taratibu, nitayapisha malori ya makaa ya mawe, sitashindana na mtu. Tukishusha mfuko wa mwisho nitamwacha Ipyana na fundi wachanganye zege, nami nitakaa kidogo hapo pembeni yako, kwenye nyasi. Labda sitakuwa na la kusema. Nitakaa tu.

Kwaheri, Baba. Pumzika.

Mkamwana wako,
Sekela